Mkono wa Asamaru

Hapa kwetu Kirtipur, Nepal, ukitaka kumtukana mwanamke mpaka wajukuu zake waumie, mwambie aila yake ina maji. Aila ni pombe kali ya mchele, na sisi Wanewari hatuipiki vichochoroni kama wezi. Tunawapa miungu, tunawapa wazee, tunawapa maharusi, na kinachobaki tunajipa wenyewe. Sijawahi kuona sherehe ambayo hakikubaki. Asamaru Maharjan hakuna aliyethubutu kumwambia tusi hilo. Aila yake ilishuka kooni polepole kisha ikawaka tumboni, na mtaa wote ulio chini ya hekalu la mungu Bhairab ulinunua kwake.

Mama yake alimfundisha kupima ukali kwa moto. Unarusha matone machache jikoni, moto ukiruka na ulimi wa bluu, basi imeiva. Asamaru alipima hivyo akiwa msichana. Alipoolewa akaanza kupima kwa ulimi wake mwenyewe, maana ulimi, alisema, unajua mambo ambayo moto haujui. Labda ni kweli, ila moto haulewi. Kila alipobadilisha maji ya kupozea juu ya chungu alionja, na kwa mpishi hodari maji hayo hubadilishwa mara nyingi. Kufikia mchana alikuwa anaimba.

Hakuna aliyemwita mlevi. Mlevi kwetu ni yule anayelala mferejini, na Asamaru alilala kitandani kwake. Kitu kimoja tu kilimsaliti: mkono wa kulia. Asubuhi ulitetemeka mpaka apate kibakuli cha kwanza. Akishapata unatulia, naye anasema, mnaona, ilikuwa baridi. Kisha hata baada ya kibakuli ukawa hautulii. Kwenye karamu moja ya ukoo alimmwagia baba mdogo wa mumewe aila mapajani, yeye ambaye alizoea kuinua birika juu ya kichwa na kumimina uzi mwembamba mpaka ndani ya kibakuli cha udongo bila tone kupotea. Watu walicheka. Mama mkwe wake hakucheka.

Huyo mama mkwe, Chiri Maya, lazima nimtaje mapema, kwa sababu ndani ya nyumba ile hakuna jambo lililoanza bila yeye. Mwanawe Pancha Lal, mume wa Asamaru, ni mkulima wa koliflawa na mtu wa maneno machache, kwani nafasi ya maneno ilishachukuliwa na mama yake. Chiri Maya alikuwa anakaribia miaka sabini na saba, na mtu akifika hapo tunamfanyia janko: anavalishwa hariri, anakokotwa mjini kwenye gari la maua na wanawe na wajukuu, na watu wanamwinamia kama mungu, kwa sababu siku hiyo ndivyo alivyo. Mkwe anayeshika birika siku ya janko ndiye ambaye mji mzima unamjua kuwa bibi wa nyumba baada ya mzee. Asamaru alikuwa mkwe mkubwa. Birika lilikuwa lake tangu siku alipovuka kizingiti kile.

"Kwenye janko yangu sitaki kumwagiwa," Chiri Maya alimwambia baada ya karamu ile. "Huo mkono usipotulia, birika atashika Keshari."

Keshari ni mke wa shemeji yake Asamaru, mwanamke mpole, mwenye aila ya kawaida. Asamaru hakulala vizuri tangu siku hiyo.

Mvua zilipoanza, mteja wake mmoja akapotea. Bekha Ratna, mchongaji wa madirisha, alikuwa akija kila jioni kwa miaka, jua lizame lisizame. Ghafla haonekani. Asamaru akajua ameibiwa, na akamjua mpaka mwizi, mjane mmoja wa mtaa wa pili aliyeanza kupika majuzi. Akajifunga kibwebwe, akaenda mpaka kibandani kwa Bekha.

"Kaka Bekha, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, dada."

"Basi unanunua kwa nani? Nitajie tu. Sitamfanya kitu, nitamtazama."

"Sinunui kwa mtu. Nimeacha."

"Ehe, umeacha. Na paka wangu ameacha nyama."

Bekha aliinamia kazi yake. Alikuwa anachonga tausi kwenye mbao ya dirisha, na Asamaru, aliyekuja kugombana, akajikuta anatazama patasi. Ilikuwa inapita kwenye manyoya ya mkia, unyoya kwa unyoya, mstari haupindi. Mkono ule aliujua. Mwaka uliopita haukuweza kushika bilauri ya chai bila kuimwagia sahani. Akasahau mjane wa mtaa wa pili.

"Umekunywa dawa gani?"

"Hakuna dawa. Kuna kundi. Jumamosi tunakutana kule chini Naya Bazar, kwenye darasa la ushonaji. Tunakaa, mtu anasema yake, wengine wanasikiliza."

"Ni guthi?"

Bekha alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kama guthi hivi."

Na hapo ndipo alipokosea, masikini. Kwetu guthi ni chama cha watu wanaozikana, wanaoabudu pamoja na wanaokula pamoja, na mtu haingii guthi mikono mitupu. Anayejiunga anawalisha wenzake, na anawamiminia.

Jumamosi Asamaru aliamka alfajiri kama anaoza binti. Akapanga kwenye kikapu mchele wa pepeta, soya nyeusi za kukaanga, tangawizi, mayai, na nyama ya nyati aliyoibanika mwenyewe. Juu yake akaweka birika, na ndani ya birika akatia aila ya maji ya kwanza, ile ambayo haiuzwi, ya kuwapa watu unaotaka wakuheshimu. Akavaa sari nyeusi yenye pindo jekundu, akateremka mlima kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda.

Darasani walikuwa watu wasiofika kumi, wamekaa kwenye viti katikati ya vyerehani. Mwenyekiti wa siku hiyo alikuwa Ambika Guragain, muuguzi mstaafu, Mbramini wa tabaka lisilogusa pombe, mwenye miwani na sauti ya wodini. Asamaru akawasalimia wote kwa viganja, akaketi chini, akafungua kikapu, akatandaza majani, akapanga vibakuli. Wakamtazama wakidhani amewaletea chakula, na kweli alikuwa ameleta. Kisha akainua birika kwa mikono miwili, kwa sababu mmoja haukutosha, akaanza kummiminia Ambika.

Chumba kikajaa harufu. Dereva mmoja wa lori alisimama, akatoka nje, akaonekana dirishani akiwa ameshika nguzo. Bekha alifunika uso kwa kofia yake. Asamaru akabaki na birika hewani, akawatazama mmoja mmoja, asijue amevunja mwiko gani.

Ambika ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Dada," alisema, "mimi nimekaa humu miaka. Wapo walioileta tumboni, wapo walioificha kwenye mkoba. Wa kuileta kwa heshima hivi wewe ni wa kwanza."

Akamweleza, bila kumdharau, kwamba kundi lile lina sharti moja tu la kuingia, nalo ni kutaka kuacha kunywa hicho kilichomo kwenye birika. Asamaru aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Ambika akamwomba akaimwage. Hapo aibu ikageuka ubishi, maana kumwaga aila mferejini ni kumwaga jasho la mkulima na haki ya miungu, na yeye hajalelewa hivyo. Walibishana kwa muda, mpaka Bekha akasema kuwa pale njia panda pana jiwe la Bhairab. Wakatoka wote, Mbramini na Wanewari na yule dereva, wakasimama wakimtazama Asamaru akilimwagia jiwe birika zima. Siku ile Bhairab alikunywa kwa niaba ya kundi. Waliporudi ndani walikula ile nyama yote.

Walipomaliza, Ambika akamwuliza kilichomleta.

"Mimi sina shida na pombe," Asamaru alisema. "Nimekuja kwa ajili ya mkono tu."

Alitegemea watamcheka tena. Hawakucheka. Dereva alisema yeye alikuja kwa ajili ya leseni, si pombe. Mwingine alikuja kwa ajili ya ini. Bekha alikuja kwa ajili ya patasi. Ambika mwenyewe alikuja kwa sababu wanawe walishangaa mama anayependa chai kiasi kile, birika la chai haliondoki kando ya kitanda, na siku moja mjukuu akajimiminia, kumbe si chai. Asamaru alimsikiliza akiwa amekunja uso. Nyumbani kwa Ambika pombe ilikuwa mwiko, akanywa kwa kujificha. Nyumbani kwa Asamaru ilikuwa baraka, akanywa mbele ya kila mtu. Na wote wawili hakuna aliyewaona. Jambo hilo lilimkaa kichwani njia nzima akipanda mlima.

Ambika hakumwacha aache kienyeji. Alimwambia waziwazi kuwa mwili uliozoea hivyo ukikatiwa ghafla unaweza kufa, akampeleka kwa daktari yeye mwenyewe, wakarudi na vidonge na maelezo. Siku zile za mwanzo Asamaru alitoka jasho, alitapika, aliona panya ukutani ambao hawakuwepo. Pancha Lal alikaa kando yake akimshika kichwa, na majirani walipouliza aliwaambia ni malaria, ugonjwa ambao mlima wetu haujawahi kuuona. Hakuna aliyembishia.

Mkono ukaanza kurudi. Kwanza aliweza kutia uzi kwenye sindano, kisha akaweza kuinua birika la maji mpaka usawa wa bega. Kila Jumamosi alishuka Naya Bazar, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akasikiliza. Bado alikuwa anapika aila na kuuza. Alirudi kupima kwa moto, akajisifu kwa hilo, na wenzake wakamwacha ajisifu, ingawa nguo zake zilikuwa zinanuka machicha na yule dereva alikuwa anahamia kiti cha mbali.

Kisha ikaja Mohani, sikukuu yetu kubwa ya baada ya mvua, na pamoja nayo sagan. Sagan ni yai, samaki mkavu na kibakuli cha aila, unavyotiwa mikononi na mkubwa wa nyumba. Ni baraka. Ukiikataa umemtupia aliyekupa nuksi, na hakuna anayeikataa. Asamaru aliipokea kwa mama mkwe, akaipokea kwa wajomba, akaipokea kwa ndugu zake wa kuzaliwa, na Jumamosi akawaambia wenzake kwa moyo mweupe kabisa kwamba hajanywa. Hakuwa anadanganya. Kwa hesabu yake, sagan haikuwa kunywa. Sijui kama kuna watu wengine duniani wanaoweza kufanya kosa hilo, lakini sisi tunaliweza vizuri. Bekha alimtazama, akatazama sakafu. Alishapitia hapo.

Kibakuli cha baraka kikaita cha pili, cha pili kikaita birika. Siku ya mwisho ya sikukuu walimkuta amelala kwenye ngazi ya jikoni, chungu kimekauka motoni na moshi umejaa ghorofa nzima. Pancha Lal akazima moto. Familia ikacheka. Walicheka jioni ile, wakacheka kesho yake, shemeji akaigiza jinsi alivyokoroma. Wangemgombeza, angekasirika, na hasira ingemsaidia. Kicheko kilimvunja. Aliona kwamba watu hawa wanampenda, na kwamba watamcheka hivyo hivyo kwa upendo mpaka siku watakapombeba kwenda mtoni kumchoma.

Jumamosi alirudi. Nataka lieleweke hilo, kwa sababu wengi hapo ndipo wanapopotelea. Alishuka mlima na aibu yake yote, akapita mbele ya wanunuzi wake, akaingia, akakaa. Mficha uchi hazai.

"Nimelewa," alisema. "Nilianza na baraka."

Yule dereva akasogeza kiti chake karibu naye.

"Mimi Asamaru siiwezi pombe. Iwe kwenye birika, iwe kwenye sagan, siiwezi. Nilidhani naweza kuchagua mlango itakaoingilia."

Baada ya kikao Bekha alimwonyesha jinsi yeye anavyofanya. Unachovya kidole cha pete, unawarushia miungu matone, unagusa paji la uso, unarudisha kibakuli. Basi. Mjomba wake alikaa sikukuu yote bila kusema naye.

"Na sasa?" Asamaru aliuliza.

"Sasa ananisalimia. Kwa kichwa."

Alipofika nyumbani Asamaru alibeba vyungu vyake, vya mama yake humo humo, akampelekea Keshari. Wateja walisikitika kuliko kwenye msiba. Siku ya pili akaweka kikaango mlangoni, akaanza kuuza maandazi ya choroko, na alipoulizwa kulikoni alijibu kuwa aila imemshinda. Watu walidhani anasema kupika. Aliwasahihisha. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Asamaru, ukimwuliza mtu yeyote wa mtaa ule, ni mshindani.

Chiri Maya alimwita. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka wake karibu na dirisha, amejifunika shali, na kibakuli chake cha asubuhi kipo kando.

"Nasikia unawaambia watu wewe ni mgonjwa wa aila."

"Ndiyo, Mama."

"Bhairab mwenyewe anakunywa. Wewe umemzidi Bhairab?"

"Bhairab ni jiwe, Mama. Haanguki ngazini."

Mzee alimkazia macho. Pancha Lal, aliyekuwa anapita na jembe, aligeuza njia.

"Mkono wako umepona," Chiri Maya alisema. "Nimeuona. Vizuri. Siku ya janko utashika birika, na utapokea sagan yangu na kuinywa kama mkwe wa nyumba hii. Anayemimina kitu asichokubali kukinywa, nani atamwamini? Kama huwezi, vyote atafanya Keshari, na wewe kaa jikoni. Chagua."

Asamaru alikaa na neno hilo kipupwe kizima. Mchana, nyumba ikiwa tupu, alichukua birika akalijaza maji, akaliinua juu ya kichwa, akamimina. Uzi ulishuka mwembamba, ukaingia katikati ya kibakuli, ukakatika alipotaka ukatike. Alimimina vibakuli mpaka sakafu yote ya jikoni ikajaa, na pembeni hapakuwa na tone. Hiki ndicho alichokifuata Naya Bazar. Alikaa chini katikati ya vibakuli vile akalia kwa hasira, kwa sababu alikuwa amekipata.

Alimweleza Ambika. Alitaka kuambiwa kwamba kwa siku moja tu, kwa ajili ya mzee, inaruhusiwa. Ambika hakuruhusu wala hakukataza. Alimwuliza tu kesho yake baada ya janko ataamkaje, na Asamaru akachukia swali hilo kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Siku ya janko ilikuja na jua zuri. Chiri Maya alivalishwa hariri nyekundu, akatundikwa dhahabu ya ukoo wote shingoni na masikioni, akapandishwa kwenye gari la maua. Wanawe walikokota, wajukuu wakasukuma, ngoma zikatangulia. Mji ulitoka milangoni kumwinamia. Asamaru alikuwa nyuma ya gari, akitupa nafaka, na kila aliyemwona alimwambia kwamba leo ni siku yake pia.

Walipokaribia nyumbani alitangulia haraka, akamkuta Keshari anapanga majani ya kulia. Akamkabidhi birika.

"Shika wewe."

Keshari alirudi nyuma. "Dada, usinifanyie hivyo. Watasema nimekunyang'anya."

"Nitasema mwenyewe kwamba nimekupa. Inua juu, usiogope, mimina taratibu. Ukimwaga, umemwaga."

"Lakini mkono wako umepona, dada. Kila mtu anajua."

"Umepona," Asamaru alisema. "Nataka ubaki hivyo."

Keshari alilia, lakini alishika. Wageni walipoketi kwa safu, wakubwa juu, wadogo chini, na Keshari akatokea na birika, mnong'ono ulipita ukumbini kutoka mwanzo wa safu mpaka mwisho. Asamaru alisimama penye mwanga, wamwone. Chiri Maya, juu ya kiti chake cha maua, alibana midomo. Keshari alimwaga mara mbili, mara moja kwenye goti la baba mdogo yule yule, ambaye sasa nadhani ameshazoea.

Bado ilikuwa imebaki sagan. Mzee, akiwa mungu wa siku, alipewa yake kwanza, kisha akaanza kuwabariki watu wa nyumba yake mmoja mmoja. Pancha Lal akapiga magoti, akapokea, akanywa. Akafuata Asamaru. Akatiwa yai na samaki mkononi. Kisha Chiri Maya akamnyooshea kibakuli, akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

Asamaru alikipokea kwa mkono wa kulia. Harufu ilimpanda puani, na mate yakamjaa mdomoni. Mwili una kumbukumbu zake, hauulizi ruhusa. Akachovya kidole cha pete, akarusha tone juu, kulia, kushoto. Akagusa paji la uso. Akakiweka kibakuli miguuni pa mama mkwe wake, kimejaa.

"Mama, baraka yako nimeipokea," alisema, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa umenyamaza, wote walisikia. "Aila siiwezi. Niliwahi kuanguka ngazini mkacheka. Sitaki kufa mkinicheka. Ishi miaka mia, Mama. Nami nataka niwepo nikuhudumie."

Shangazi mmoja alifyonza. Mwingine akasema nuksi, na akalisema tena kwa wale ambao hawakusikia. Pancha Lal, mtu wa maneno machache, aligeuka akawaambia wote wawili kwamba anayetaka kumsema mke wake amseme nje. Chiri Maya hakutazama upande wowote. Alimwita anayefuata.

Alasiri, wageni wakiwa bado wanakula uani, mzee alichoka akataka kupandishwa chumbani. Keshari akamkimbilia. Akamkataa. Alimtaka Asamaru aje amvue dhahabu.

Asamaru alipanda akijua anakwenda kutukanwa, na alikuwa ameshaamua kuvumilia lakini si kubadilika. Alimketisha mzee kitandani, akaanza na hereni. Chiri Maya alimwambia afunge mlango kwanza.

"Umeniaibisha mbele ya watu," mzee alisema mlango ulipofungwa.

"Nisamehe aibu, Mama. Lingine siwezi kuliombea radhi."

Mzee aliinamisha kichwa mpaka mkufu wa tatu ukatoka shingoni. Bila dhahabu shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Mimi leo nimeamka naingoja ile sagan," alisema. "Wananivalisha, naingoja. Wananikokota, mji mzima unaniinamia, naingoja. Na si baraka niliyokuwa naingoja, mwanangu. Nilikuwa naingoja kibakuli. Walipochelewa kukileta niliwachukia wajukuu zangu."

Asamaru aliacha mikono yake palepale ilipokuwa.

"Tangu baba yenu afe, sijasali hata asubuhi moja kabla ya kunywa. Nyinyi mnaniletea wenyewe, na mnainama. Nani angeniambia kitu?"

"Mama..."

"Sijamaliza." Alitazama dirishani, kule chini barabarani. "Hao watu wako wa Jumamosi. Wana viti, au wanakaa chini? Magoti yangu hayakunjiki."

Asamaru alitaka kucheka na alitaka kulia, akashindwa kuchagua, akafanya vyote viwili huku amemshika mzee mabega.

"Viti vipo, Mama," alisema. "Nitakupa changu."